Injini ya Boti Inaposita: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kununua Vipuri

Maelezo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika vya wavuvi



Katika daftari la matumizi la chama cha wavuvi, fungu la vipuri vya injini husomwa haraka na kupitishwa haraka. Mkutano huweza kubishana saa nzima juu ya posho ya mjumbe mmoja aliyesafiri, lakini plagi sita zilizonunuliwa mwezi wa tatu, nyingine sita mwezi wa nne, na koili moja mwezi wa tano, hupita bila swali, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba injini haiwaki bila plagi. Hata hivyo, mtu anayejua kusoma daftari huona katika mistari hiyo mitatu habari za ugonjwa ambao haujatibiwa.

Ugonjwa unaozungumzwa hapa ni ule wa kusita. Injini ya kupachika huwaka vizuri alfajiri, huunguruma kwa utulivu, na boti huondoka pwani bila taabu. Lakini nahodha anapozungusha mshiko wa kasi kwa nguvu, injini hukohoa na kulegea kana kwamba inataka kuzimika, kisha ama huamka na kwenda, ama hufa kabisa.

Kwa aliye nchi kavu, kusita kwa sekunde tatu ni jambo dogo. Kwa aliye katika mojawapo ya milango ya delta ya Rufiji wakati wa kusi, mahali ambapo mchanga umeinua chini ya bahari na mawimbi yanavunjika nyuma ya boti, sekunde tatu ni nyingi. Hapo nahodha huhitaji nguvu kwa ghafla, ili boti ibaki mbele ya wimbi na isigeuzwe ubavu. Ndivyo ilivyo pia kwenye milango ya mwamba, na ndivyo ilivyo katika Ziwa Victoria dhoruba inapowakuta watu njiani. Injini inayosita haisiti wakati boti inapotembea taratibu katika maji shwari. Husita pale tu inapoombwa nguvu nyingi, yaani pale hasa inapohitajiwa.

Uzito wa pili wa jambo hili ni fedha, na wa tatu ni heshima ya watu. Ichukuliwe kwa mfano boti ya chama yenye injini ya nguvu za farasi 40, iliyonunuliwa kwa mkopo. Injini inaanza kusita. Halmashauri inanunua plagi, ugonjwa unabaki. Inanunua koili, ugonjwa unabaki. Fundi anashauri kabureta mpya, nayo inanunuliwa kwa fedha iliyotengwa kwa ajili ya nyavu. Siku mbili injini inaonekana kupona, siku ya tatu inarudia hali yake. Wakati huohuo matumizi ya petroli yamepanda, kwa sababu injini isiyo na nguvu huchukua muda mrefu zaidi kufika mahali palepale, na minong'ono inaanza kwamba nahodha anauza mafuta baharini. Nahodha anaondolewa. Mwishowe kijana mmoja anabadilisha mpira wa mafuta kwa kuwa ule wa zamani umechanika mdomoni, na siku hiyo injini inapona. Kabureta ya zamani, iliyokuwa nzima, imekwisha kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu, na nahodha aliyekuwa mwaminifu yuko chama kingine.

Mfano huo hauhitaji mtu mwovu hata mmoja. Unahitaji tu kwamba watu waanze kununua kabla ya kuchunguza.

Ili uchunguzi uwe na njia, yapasa kwanza kufahamu kinachotokea ndani ya injini mshiko unapozungushwa. Katika injini za kabureta, mshiko haufungui petroli moja kwa moja. Hufungua kilango cha hewa. Hewa inayopita kwa kasi ndiyo inayovuta petroli kupitia vitundu vidogo vya kabureta. Hewa ni nyepesi, nayo huingia mara moja. Petroli ni nzito, nayo huchelewa kidogo. Kwa hiyo, kila kilango kinapofunguliwa ghafla, kuna nukta ambapo hewa imekuwa nyingi na petroli haba. Injini nzima huvuka nukta hiyo bila nahodha kuitambua. Injini ambayo tayari ina njaa kidogo ya petroli, kwa sababu yoyote ile, haiwezi kuivuka. Hukohoa.

Ndiyo maana, katika kusita kwa namna hii, njaa ya petroli ishukiwe kwanza, na cheche ishukiwe baadaye. Mafundi wengi huanza na plagi kwa kuwa plagi ni rahisi kufungua. Si vibaya kuifungua. Vibaya ni kuitupa bila kuisoma. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu, mfano wa chai ya maziwa, hueleza kwamba silinda yake inakula vizuri. Iliyo nyeusi na yenye ulowevu hueleza kwamba petroli au oili imezidi, au cheche ni dhaifu. Iliyo nyeupe na kavu hueleza njaa na joto kali, na hiyo ni habari ya kutisha kuliko zote, kwa maana injini ya mipigo miwili hupata ulainisho wake ndani ya petroli hiyohiyo. Inaponyimwa petroli hunyimwa na oili, na pistoni huungua. Nahodha anayelazimisha injini inayosita iende kwa kasi yote safari nzima aweza kugeuza ubovu wa mpira wa mafuta kuwa ubovu wa silinda.

Kabla fundi hajashika bisibisi, katibu amwulize nahodha maswali machache, na majibu yaandikwe. Je, injini husita papo hapo mshiko unapozungushwa, kisha hupata nguvu? Au huchukua kasi vizuri, ikaenda kwa nguvu dakika moja au mbili, ndipo ikalegea? Au inanguruma kwa sauti kubwa wakati boti yenyewe haiongezi mwendo? Hayo ni magonjwa matatu tofauti, ingawa mkutanoni yote huitwa kwa jina moja la "injini haivuti".

Hilo la tatu si kusita hata kidogo. Ndani ya rafadha, yaani propela, kuna mpira unaoshika mhimili, uliowekwa ili rafadha inapogonga jiwe meno ya gia yasivunjike. Mpira huo ukilegea, mhimili huzunguka wenyewe na rafadha hubaki nyuma. Ipigwe alama moja ya rangi inayovuka sehemu ya ndani na ya nje ya kitovu cha rafadha. Baada ya safari, alama ikiwa imeachana, jawabu limepatikana. Sauti ya namna hiyo huweza pia kutokea iwapo injini imefungwa juu mno kwenye ubao wa tezi, hata rafadha ikawa inavuta hewa boti inapogeuka au inapopanda wimbi. Boti zetu za mbao huongezewa ubao wa tezi zinapokarabatiwa, kisha injini ileile hurudishwa juu yake bila kupimwa upya. Bamba pana lililo juu ya rafadha lapaswa kuwa usawa wa chini ya boti au kupungua kidogo, si kupanda juu.

Lile la pili, la kwenda vizuri kisha kulegea, karibu daima ni habari ya njia ya mafuta. Bakuli la kabureta lina petroli ya kutosha mwendo wa muda mfupi. Likishatumika kwa kasi, na petroli mpya isifike kwa kiasi kile kile, injini hulegea. Nahodha akipunguza mwendo bakuli hujaa tena, na injini hurudi kana kwamba haikuumwa. Hapo uchunguzi uanzie kwenye tanki na kuifuata petroli inakopita, bila kuruka hatua.

Juu ya kifuniko cha tanki kuna skrubu ya kupumulia. Ikiwa imefungwa, au imezibwa na chumvi, petroli inapotoka hewa haiingii mahali pake, na tanki hujivuta ndani. Ni aibu kulitaja jambo dogo kama hili mbele ya manahodha wazoefu, lakini tanki la plastiki lililobonyea ni ushahidi usiobishaniwa. Baada ya hapo ni mrija wa kuvutia ulio ndani ya tanki, pamoja na kichujio chake, ambapo mchanga na magamba ya samaki hukusanyika. Baada yake ni mpira wenyewe. Mpira wa mafuta huzeeka kwa ndani kabla ya kuzeeka kwa nje. Jua na petroli huufanya ugumu, upasuke mahali unapoingia kwenye kiungo, na ufa huo huvuta hewa bila kudondosha hata tone. Kwa hiyo usemi wa fundi kwamba "hauvuji" hautoshi. Vilevile viungo vya mwisho vina ringi ndogo za mpira ambazo hulika, na bei yake haifikii bei ya plagi moja.

Katikati ya mpira kuna kile kibofu cha kubonyeza, nacho ni daktari asiyelipwa. Kikiwa kimenywea na kujibana wakati injini inakwenda, kizuizi kiko upande wa tanki. Kikibonyezwa mara nyingi bila kuwa kigumu, hewa inaingia mahali fulani au vali zake zimechoka. Na jaribio lililo bora kuliko yote ni hili: nahodha aongeze kasi mpaka injini ianze kulegea, na mtu wa pili abonyeze kibofu. Injini ikiamka, petroli ilikuwa haifiki, na kosa liko kati ya tanki na pampu. Isipobadilika, kosa liko mbele, katika kabureta au katika cheche. Kazi hiyo ni ya dakika tano na haina gharama, ila ifanywe na watu wawili, kwenye maji shwari na mapana, na kamba ya kuzimia injini ikiwa imefungwa kwa nahodha.

Hapa ndipo chama cha ushirika kinapompita mvuvi aliye peke yake. Mwenye boti moja hana cha kulinganisha. Chama chenye boti mbili zenye injini za aina moja kinaweza kuhamisha tanki na mpira wake kutoka boti nzima kwenda boti mgonjwa, na vya mgonjwa kwenda boti nzima. Ugonjwa ukihama pamoja na tanki, umekamatwa. Usipohama, tanki na mpira vimeondolewa hatiani. Hata vyama viwili jirani vyaweza kusaidiana hivyo, na ni heri kuazimana tanki kwa alasiri moja kuliko kila chama kununua pampu yake kwa kubahatisha.

Pampu ya petroli katika injini nyingi ndogo haina mota. Ni utando mwembamba unaosukumwa na shinikizo la ndani ya injini yenyewe. Utando huo hukakamaa kwa miaka, au hutoboka. Ukitoboka huweza kupitisha petroli ndani ya silinda, na hapo injini husita kwa kushiba badala ya njaa: moshi mwingi, plagi zenye ulowevu, harufu kali. Huuzwa kama utando na gasketi zake tu, na hakuna haja ya kununua pampu nzima.

Petroli yenyewe nayo ipimwe. Ile inayouzwa kwa madumu kwenye madago ya wavuvi imepita mikono mingi. Itiwe kidogo kwenye chupa nyeupe ya kioo na iachwe itulie. Maji, yakiwamo, hukaa chini na mpaka wake huonekana. Mafuta ya taa hayaonekani kwa njia hiyo, kwa kuwa huchanganyika kabisa. Uchanganyaji huo wa hila ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2010 Tanzania ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili udanganyifu utambulike. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa wepesi wa petroli, na injini inayolishwa mchanganyiko huo hukohoa hasa inapotakiwa kuamka ghafla. Njia ya chama ni kununua mahali pamoja panapojulikana, kwa stakabadhi.

Kuhusu oili, injini nyingi za mipigo miwili huhitaji lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli baada ya kipindi cha kulainishwa kwisha. Kwa dumu la lita 20 ni mililita 400. Kitabu cha injini ndicho cha mwisho kusema. Oili iwe ile ya injini za boti, yenye alama ya TC-W3, si ya gari. Wapo wanaoongeza oili kwa kuihurumia injini, wakidhani hakuna ubaya katika kuzidisha. Lakini kila kiasi cha oili kinachozidi huchukua nafasi ya petroli katika kile kinachopita kwenye kitundu kilekile, na hivyo anayezidisha oili huizidishia injini njaa, mbali ya kuchafua plagi.

Linabaki lile la kwanza, la kusita papo hapo na kuamka. Hili aghalabu ni la kabureta. Vitundu vinavyolisha injini katika mwendo mdogo na katika kuvuka kwenda mwendo mkubwa ni vyembamba sana, na petroli iliyokaa muda mrefu huacha humo utando unaonata mfano wa utomvu. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, injini za huko zilikuwa na miezi mitatu ya kulala. Iliyolazwa na petroli ndani ya bakuli ilistahili kuamka inakohoa. Kabla ya kulaza injini, petroli ya bakuli la kabureta imwagwe kwenye chombo.

Dalili ya njaa katika kabureta huthibitishwa kwa choki: injini inaposita, choki ivutwe kidogo tu kwa sekunde moja. Ikiamka, ilihitaji petroli zaidi. Hilo ni jaribio, si tiba, wala nahodha asiendeshe safari nzima hivyo. Tiba ni kufungua na kusafisha kwa petroli safi na upepo wa pampu. Waya usiingizwe kwenye vitundu kamwe, kwa maana waya huvipanua, na kitundu kilichopanuliwa hakirudi. Skrubu ya kurekebishia mwendo mdogo, kabla ya kutolewa, ikazwe kwa vidole mpaka ikae, na mizunguko ihesabiwe na kuandikwa. Ikikazwa kwa nguvu ncha yake huharibika. Kwa injini yenye kabureta zaidi ya moja, vilango vyote vifunguke kwa pamoja, na muda wa cheche usogee sawasawa na kilango. Vilivyolegea vikikazwa ovyo, injini itasita hata kama kila kipuri ni kipya. Kazi hiyo ya mwisho apewe fundi mwenye kitabu.

Cheche huangaliwa njia ya mafuta ikishaondolewa hatiani. Jaribio la kuchomoa waya wa plagi wakati injini inakwenda, ambalo mafundi wa zamani hulipenda, liachwe: humpiga mtu, na laweza kuharibu vifaa vya umeme vya injini. Bora koili za silinda mbili zibadilishwe mahali, kama ni za aina moja. Ubovu ukihama, koili ni mbovu. Usipohama, fedha ya koili imeokoka.

Jambo moja limewaponza mafundi wengi wema. Injini iliyopelekwa karakana hujaribiwa ndani ya pipa la maji, nayo hunguruma vizuri, na fundi huapa kwamba ni nzima. Hasemi uongo. Kusita hutokea chini ya mzigo, na pipa si mzigo wa boti yenye watu wanane, nyavu na barafu. Kwa hiyo fundi asilipwe fedha ya mwisho mpaka injini ijaribiwe majini, boti ikiwa na shehena yake ya kawaida, nahodha akiwapo. Na shehena yenyewe itazamwe: boti ya mbao iliyonywa maji, yenye maji mengine chini ya sakafu, ni nzito kuliko siku injini ilipochaguliwa, na rafadha iliyofaa wakati ule yaweza kuwa nzito mno leo.

Kwa upande wa ofisi, kila injini iwe na daftari lake, mbali na leja. Humo iandikwe tarehe, saa za kazi, petroli na oili iliyotiwa, mahali iliponunuliwa, na kila badiliko lililofanywa. Sheria ya chumba cha injini iwe kwamba kitu kimoja hubadilishwa, kisha hujaribiwa, kisha huandikwa, ndipo kingine kifikiriwe. Vikibadilishwa vitatu siku moja na injini ikapona, hakuna ajuaye kilichoiponya, na mwaka ujao vyote vitatu vitanunuliwa tena. Kipuri cha zamani kirudishwe ofisini kikiwa na kibandiko, kisitupwe wala kisiuzwe mpaka miezi mitatu ipite. Na tuhuma yoyote ya wizi wa mafuta isifikishwe mkutanoni kabla daftari hili halijasomwa, maana injini yenye njaa na nahodha mwizi huacha alama moja ileile katika leja: petroli nyingi, samaki wachache.

Ghalani, chama chenye injini moja au mbili chatosha kuweka mpira kamili wa mafuta wenye kibofu na viungo vyake, ringi za viungo, vichujio viwili, seti moja ya utando wa pampu, plagi za namba iliyo kwenye kitabu cha injini, na mpira wa kitovu au rafadha ya akiba. Mpira wa akiba uwekwe kivulini, ukiwa mkavu, wala usikunjwe.